Chaja ya Dada na Kibandiko cha Ampea

Ampea aliwahi kuunguza godoro. Tulitaje mapema tulimalize, maana tukilinyamazia sisi, mkewe hatalinyamazia. Alitoa betri ya lithiamu kwenye kompyuta mbovu, akaiunganisha na chaja aliyoibuni mwenyewe huku akipiga mluzi, akailaza kitandani kama mgonjwa, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, betri ilikuwa imetuna kama chura, moshi wake unakereketa koo, na godoro lina shimo ambalo mtu mzima angeweza kupitisha kichwa. Wakalilalia hivyohivyo, yeye upande wa shimo, mpaka lilipopatikana jingine.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na si mtu wa makelele, hakugomba. Aliweka sheria moja tu: chochote chenye lithiamu kitachajiwa nje, juu ya saruji, ndani ya chungu cha maua kilichojazwa mchanga, na mwenye nacho akae hapohapo akitazame mpaka mwisho.

"Na ukienda chooni je?" Ampea aliuliza.

"Utakwenda nacho."

Jina la Ampea alijibandika mwenyewe, na neno kujibandika hapa si la mapambo. Alianza ufundi kwenye amplifaya za ukumbini, mitambo ya kuvunja vioo vya majirani, na huko alijifunza kwamba kizuri ni kikubwa: transfoma kubwa, waya nene, moto mwingi. Alipofungua kibanda chake mbele ya nyumba akachapisha vibandiko vya manjano, vimeandikwa AMPEA – KWANGU HAKUNA KUBAHATISHA. Kwa kuwa mafundi wenzake walikuwa na mkono mrefu wa kuazima na mfupi wa kurudisha, alivibandika kwenye kila kitu chake. Bisibisi ilikuwa nacho, koleo ilikuwa nacho, kiti kilikuwa nacho, na hata kopo la chumvi jikoni lilikuwa nacho, hadi wageni wakadhani anauza chumvi.

Sasa, Jumatano moja dada yake mkubwa akaingia kibandani, akaketi kwenye kiti chenye kibandiko, akamkonyeza asogee karibu.

Huyu dada ni mwalimu wa hesabu. Ndiye aliyembeba Ampea mgongoni alipokuwa mdogo, na ndiye peke yake duniani aliyewahi kumtandika akashukuru. Kwa miaka amefundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, akipaza sauti iwafikie walio nyuma, mpaka koo likagoma. Daktari akamwambia wazi: ukiendelea kupiga kelele, hiyo sauti inakwenda na hairudi. Tangu hapo akawa anafundisha kwa kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, na kinasa sauti kikiwa karibu na mdomo. Yeye ananong'ona, kiuno kinasema.

"Kimekufa," alinong'ona.

"Nani?" Ampea akashtuka, maana mnong'ono wa dada yake sikuzote ulikuwa kama wa msibani.

"Kiuno, wewe! Chaja yake imekwisha. Nikanunua nyingine ya barabarani, ikaichemsha betri mpaka ikavimba. Nimeitupa. Na Jumatatu mwalimu mkuu anakuja kukaa safu ya nyuma. Kama hanisikii, ananihamishia stoo nikahesabu vitabu."

"Stoo? Wewe?"

"Anasema ni kwa kunihurumia." Akameza mate kwa shida. "Mdogo wangu, mimi stoo nitakufa. Vitabu haviulizi maswali."

Ampea akasimama, kifua mbele. "Dada, nakutengenezea chaja kwa mikono yangu. Salama kabisa."

Ndani ya nyumba cherehani ikanyamaza ghafla.

"Chungu kiko nyuma ya mlango," sauti ya mkewe ikasema.

Ampea akashusha boksi lake la spea. Boksi lile lilikuwa ukoo mzima: kila kitu mle ndani alikijua kilitoka tumbo gani. Mkono ulimpeleka wenyewe kwa Dume. Dume lilikuwa transfoma la ukubwa wa tofali, lilitoka kwenye amplifaya ya ukumbini, na alilipenda kupita kiasi. Akaliinua, akalipangusa vumbi, akasikia harufu ya vanishi yake ya zamani, na hapohapo akakumbuka harufu nyingine, ya godoro. Akalirudisha chini ya meza taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenziwe mtoto aliyeanza kulia.

Safari hii alikuwa ameamua kuwa na akili. Aliketi akajieleza mwenyewe kwa sauti, kama alivyozoea anapoogopa. Lithiamu haitaki dume, inataka yaya. Inalishwa kidogokidogo, na ikishiba inaachwa. Mtoto ukimzidishia uji atacheua, lakini lithiamu haicheui, inawaka. Seli moja mwisho wake ni volti nne nukta mbili. Kwa hiyo kinatakiwa kibao cha kuchajia kinachojua kusimama hapo, rezista ya kupunguza mkondo usije kwa pupa, kihisi joto cha kulala ubavuni mwa seli kikate moto ikianza homa, na fyuzi mlangoni, ife yenyewe kabla hajafa mtu. Umeme wenyewe utoke kwenye chaja ya simu ya kawaida. Kila kitu kidogo, kila kitu kipole. Ampea alivitazama vitu hivyo mezani akajiona kama mcheza ngoma aliyeambiwa acheze kwa kidole kimoja.

Rezista, fyuzi na kihisi joto alikuwa navyo. Seli mpya nzima alikuwa nayo. Kibao cha kuchajia hakuwa nacho, kwa hiyo kesho yake asubuhi akaenda kwa Mama Spea.

Mama Spea aliuza vifaa vya umeme kwenye duka jembamba ambamo wateja wawili wanene hawapishani. Vifaa vyake vyote vilikaa kwenye trei za mayai, kila aina na shimo lake, naye angeweza kukupa kapasita bila kugeuza kichwa, akiendelea kukuteta. Akampa Ampea kibao kidogo kama ukucha. Ampea akakipeleka kibandani, akakiwasha, akaweka ncha za mita yake. Mita ikasema nne nukta sita.

Akarudi dukani kibao kikiwa mkononi kama ushahidi.

"Mama Spea, hili ni bomu!"

"Bomu gani tena asubuhi yote hii?"

"Mwisho wa lithiamu ni nne nukta mbili. Hiki kinatoa nne nukta sita. Unataka kumlipua dada yangu kiunoni?"

Mama Spea akampa kingine kutoka trei ya pili. Ampea akakipima palepale juu ya kaunta. Nne nukta sita. Akampa cha tatu, cha rangi nyingine, kutoka trei ya juu. Nne nukta sita. Kufikia hapo watu walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni, na Ampea akiona watu koo lake hupanuka lenyewe.

"Jamani, njooni muone! Duka zima bandia! Anauzia watu moto kwenye trei za mayai!"

"Ampea," Mama Spea akasema, hakuinua sauti, "hivi vitatu havijuani. Havikuzaliwa kiwanda kimoja. Vitasemaje uongo mmoja?"

"Ndiyo mjue wizi huu umepangwa!"

"Haya, shika mita yangu mimi, pima nayo."

"Mita yako? Si itakutetea wewe!"

Watu wakacheka. Ampea akadhani wanamcheka Mama Spea. Siku hizi anapokisimulia kisa hiki kwa wateja, hapa huweka koleo chini na kusema, "Nami nikainama kidogo, kama mtu anayepigiwa makofi."

"Toka," Mama Spea akamwambia. "Toka, wewe na vibandiko vyako."

Akatoka akiwa ameshiba ushindi, lakini kibao hana. Akajifariji: mwenye mikono hahitaji kuuziwa mabomu. Kwenye boksi la spea alikuwa na kibao cha zamani cha kurekebisha volti, chenye skrubu ndogo ya shaba ambayo ukiizungusha volti inapanda au inashuka. Akaketi nacho. Alizungusha skrubu kwa kudokoa, akitazama mita, mpaka ikatulia kwenye nne nukta mbili kamili. Akadondosha rangi ya kucha ya mkewe juu ya skrubu isisogee. Akachomelea rezista, akafunga kihisi joto, akaweka fyuzi na taa ya kuonyesha seli ikijaa, akafungia vyote kwenye boksi la plastiki alilolitoboa matundu ya hewa. Halafu, bila shaka, akabandika kibandiko.

Alhamisi mchana chungu kilikuwa kwenye saruji, seli imekaa kwenye mchanga, na Ampea kwenye kiti chake, hapepesi. Aligusa seli. Baridi kama tikiti. Akaigusa tena. Baridi. Muda si muda taa nyekundu ikageuka kijani.

"Mama watoto! Njoo uone kazi! Haikupata hata uvuguvugu!"

Mkewe akatoka na pini mdomoni. "Imejaa upesi hivyo?"

"Ubora huo."

"Mmh," akasema mkewe, na kwa mtu mwenye pini mdomoni hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Ijumaa dada akavaa kiuno chake akaenda darasani. Alipomaliza mfano wa kwanza ubaoni, kipaza sauti kikakohoa, kikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, kikazima. Watoto wa nyuma wakaanza kusema hatusikii mwalimu, wa katikati wakaanza kuwatafsiria, wa mbele wakaanza kucheza. Akajaribu kunong'ona, ikashindikana. Basi akafanya alichokatazwa. Akapaza sauti mpaka kengele.

Alikuja kwa Ampea moja kwa moja, chaki ingali vidoleni. Akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Akageuka, akaandika juu ya meza ya kazi ya mdogo wake, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: IMEZIMA. NIMEPIGA KELELE. Akafikiri kidogo, akaongeza: USALAMA NDIO HUU?

Ampea alitamani lile shimo la godoro lingekuwepo apitishe kichwa.

"Labda ni seli, Dada. Seli siku hizi nazo bandia. Ngoja niipime." Akaipima. "Aa, ona, nne nukta moja. Imejaa! Basi kiuno chenyewe ndicho kibovu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kushonea shingoni. "Baba watoto, nisaidie jambo. Vibao vya Mama Spea vilikuwa vibovu?"

"Vyote."

"Seli bandia?"

"Inawezekana."

"Na kiuno cha wifi yangu kibovu."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Kwa hiyo dunia nzima imekosea, mzima ni wewe na hiyo mita yako." Akaingia ndani, akarudi na betri mpya ya saa ya ukutani, bado imo kwenye karatasi yake. "Pima hii. Imeandikwa moja nukta tano."

Ampea akapima. Mita ikasema moja nukta saba na ushee.

"Hata hii wamechakachua," akasema, ila safari hii sauti yake haikuwa na kifua.

"Mimi futi yangu ikizeeka inavutika," mkewe akasema. "Kabla sijaharibu kitambaa cha mtu naiwekea rula ya bati. Nipe hiyo mita." Akaigeuza kwenye mwanga. "Hiki nini kinachopepesa hapa pembeni, chini ya kibandiko?"

"Hapo hapana kitu. Namba zinaishia huku."

Mkewe akaingiza ukucha, akabandua. Kibandiko cha manjano kilikuwa kirefu kuliko mgongo wa mita, kikapanda juu ya kioo na kuziba kona yake. Chini ya neno KUBAHATISHA palikuwa na picha ndogo ya betri, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama mtu anayepunga mkono kwa mbali tangu mwezi jana.

Mita ilikuwa na njaa. Mita ya namna ile betri yake ikichoka hudanganya, na hudanganya kwa kuzidisha: ikiona nne nukta mbili inasema nne nukta sita. Kila fundi anajua hilo. Ampea mwenyewe alikuwa amewafundisha wenziwe, tena kwa dharau. Vibao vya Mama Spea vilikuwa vizima, vyote vitatu. Na ile skrubu aliyoifunga kwa rangi ya kucha ilikuwa imeweka mpaka chini kabisa, kwenye nne kasoro. Seli ya dada ilikuwa ikiinuliwa mezani kabla haijafika nusu ya sahani, halafu inapigiwa taa ya kijani.

Dada akachukua chaki. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Ampea alidhani analia, akainama aone uso wake. Alikuwa anacheka, bila sauti hata chembe, machozi yanamtoka. Akaandika: SALAMA KWELI. HAIJAZI.

"Dada, nisamehe."

Akatikisa kichwa, akaandika neno moja, akalipigia mstari chini: JUMATATU.

Jumamosi asubuhi Ampea alisimama mbele ya duka la Mama Spea, kama mtoto aliyetumwa amwite mzazi. Duka lilikuwa limejaa, yaani wateja watatu.

"Shikamoo, Mama."

"Leo Mama? Juzi nilikuwa muuza mabomu."

Ampea akamweleza yote, na mita mkononi, na kona ya kioo, na kibandiko. Mama Spea alisikiliza mpaka mwisho uso ukiwa mkavu, kisha akaingiza kichwa chini ya kaunta kwa muda mrefu kuliko kutafuta kitu kunavyohitaji. Aliporudi juu macho yalikuwa na maji.

"Kibao nitakupa," akasema. "Ila juzi ulinitangaza mlangoni. Nenda pale pale unitangazue, kwa sauti ile ile."

"Mama, watu ni wengi."

"Juzi uliwapenda."

Ampea akaenda mlangoni. Akavuta pumzi. Alikumbuka kwamba dada yake yuko nyumbani hana sauti hata ya kuomba maji, na yeye amejaliwa koo la kutangazia harusi. "Jamani!" akapiga kelele, na mtaa ukageuka. "Vibao vya huyu mama ni vizima! Kibovu kilikuwa mita yangu! Betri yake ilikufa, na alama yake niliiziba mwenyewe, kwa jina langu!"

"Hawajasikia wa ng'ambo," Mama Spea akasema.

Akarudia. Wa ng'ambo wakasikia, na kinyozi akatoka nje na mteja aliyenyolewa nusu, ili wasipitwe.

Mama Spea akakipima kibao kwa mita yake mbele ya wote: nne nukta mbili, bila kupungua wala kuzidi. Akakifunga kwenye karatasi, akaongeza betri ya mita juu yake. "Hiyo ya mita nakupa bure," akasema. "Nikikuuzia utaniambia bandia."

Mchana huo Ampea akaifungua chaja. Fyuzi ilikaa, kihisi joto kilikaa, rezista ilikaa, maana hivyo alivichagua vizuri na hata mkewe alikubali. Kibao cha skrubu kikatoka, cha Mama Spea kikaingia. Akapima kwa mita iliyoshiba, akapima tena kwa mita aliyoazima kwa kinyozi, ambaye hakuna ajuaye aliitakia nini. Zikapatana. Seli ikaingia kwenye chungu.

Safari hii taa nyekundu haikuwa na haraka. Dada alikuja kuketi naye kwenye saruji, khanga kichwani, koo limefungwa kitambaa, anakunywa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Seli ikashika joto kidogo, kama kiganja cha mtu, na Ampea kila mara akanyoosha kidole aiguse, akakirudisha.

"Dada," akasema hatimaye, "hii nayo ikishindwa, mimi nitakwenda kwa mwalimu mkuu. Nitamwambia kosa ni langu, si la koo lako. Hesabu zile naweza hata kuja kukusomea kwa sauti, wewe uandike."

Dada akamtazama. Akachukua kipande cha chaki mfukoni, akaandika kwenye saruji: SABA MARA NANE?

Ampea akafikiri. "Hamsini na... nne?"

Dada akafuta kwa kiganja, akampiga kikofi cha upole kisogoni, akaendelea kunywa maji yake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye chungu na taa ikageuka kijani kwa wakati wake.

Jumatatu Ampea hakufungua kibanda. Alifika shuleni akazunguka nyuma ya darasa, akasimama dirishani, akajibanza nusu ukutani, nusu kwenye kioo. Akamwona mwalimu mkuu amekaa safu ya mwisho kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na masikio, mikono kifuani. Akamwona dada yake mbele, kiuno chake kimefungwa vizuri, amegusa swichi.

Mnong'ono ukajaa darasani. Mfano wa kwanza ukaisha. Ampea akashika nondo za dirisha. Wa pili ukaanza, ukaisha, na kiuno kinasema tu. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono kabla ya kuitwa. Ubao ukajaa, ukafutwa, ukajaa tena, na Ampea kila aliposikia mkwaruzo kidogo alizikaza nondo, kumbe ni chaki. Alikuwa amesogea bila kujijua mpaka dirisha lote likawa yeye, pua imegandamana kwenye kioo.

Dakika za mwisho za somo dada akanyamaza. Akageuka polepole kuelekea dirishani, akasogeza kinasa sauti mdomoni, na ule mnong'ono ukatoka laini, wazi, ukafika kila pembe.

"Ampea, toka hapo dirishani. Unawazibia watoto mwanga."

Kicheko cha kwanza kilitoka safu ya nyuma kabisa, kizito, cha mtu mzima, kutoka kwa yule aliyekaa magoti karibu na masikio.